Kupata Wanafunzi wa Tuisheni ya Kiingereza Ukiishi Japani

Mwongozo huu ni wa Mtanzania, Mkenya au Mganda aliyeko Japani kwa masomo, kazi au ndoa, anayekimudu Kiingereza na anataka kufundisha watu binafsi, mmoja mmoja au wawili wawili. Wanafunzi wapo. Tangu Aprili 2020 Kiingereza ni somo kamili lenye alama kwa watoto wa darasa la tano na la sita, na wa darasa la tatu na la nne wanakianza kwa mazoezi mepesi. Juu yao wako vijana wa sekondari wanaosaka cheti cha Eiken, mtihani wa Kiingereza wa Japani wenye madaraja, wafanyakazi wanaotakiwa kuonyesha alama za TOEIC, mtihani wa Kiingereza cha kazini, na wastaafu wenye nafasi ambao wanataka kuongea tu.

Wengi wanaoshindwa hawashindwi kwa sababu Kiingereza chao ni kibaya. Wanatangaza kila mahali kwa kila mtu, wanampata mmoja upande huu wa jiji na mwingine upande ule, na nauli inaimaliza ada. Kwa hiyo chagua kituo kimoja cha treni na aina moja ya mwanafunzi, fundisha vizuri, kisha waache watu wakutambulishe kwa wenzao. Wajapani huita utambulisho huo shokai, na mwanafunzi aliyeletwa kwa shokai haulizi sana kuhusu bei wala cheti chako.

Hatua ya 1: Soma nyuma ya kadi yako ya ukaazi

Geuza kadi (zairyu kado) uangalie sehemu ya chini. Hapo ndipo inapoandikwa ruhusa ya kufanya kazi nje ya hadhi yako ya ukaazi, shikakugai katsudo kyoka. Mwanafunzi, au mtu aliyekuja kama mtegemezi wa mwenzi wake, akipewa ruhusa ya jumla anaweza kufanya kazi hadi saa 28 kwa wiki. Chuo kikifunga kwa likizo ndefu, mwanafunzi anaruhusiwa hadi saa 8 kwa siku.

Sasa angalia jambo linalowaponza wengi. Ruhusa ya jumla imewekwa kwa ajili ya kazi ya kuajiriwa, ambayo saa zake zinathibitishwa na mwajiri. Tuisheni unayojipangia mwenyewe haina wa kuzithibitisha, kwa hiyo inaombewa ruhusa yake ya pekee. Nenda ofisi ya Uhamiaji na maelezo ya maandishi: utafundisha nini, wapi, saa ngapi kwa wiki, kwa malipo gani. Ambatanisha ratiba ya wiki iliyochorwa vizuri, vipindi vya chuo kwa rangi moja na vya tuisheni kwa nyingine. Fanya hivi kabla ya kubandika tangazo lolote, kwa sababu kosa la saa au la ruhusa huwa linaibuka siku ya kuongeza muda wa kukaa, na hapo kujitetea ni kugumu.

Mwenye ndoa na Mjapani, mkaazi wa kudumu na mkaazi wa muda mrefu hawawekewi kikomo cha kazi. Mwalimu msaidizi wa shule za serikali mwenye hadhi ya Kyoiku (ualimu) anahitaji ruhusa akitaka kufundisha watu binafsi. Na ukiwa umeajiriwa na shule ya lugha, soma mkataba wako mstari kwa mstari: mikataba mingi inakataza kazi ya pembeni, na karibu yote inakataza kuwachukua wanafunzi wa shule.

Hatua ya 2: Amua unamfundisha nani, na saa ngapi

Saa zako huru ndizo zitakazokuchagulia mwanafunzi. Akina mama wa nyumbani na wastaafu wanapatikana kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, siku za kazi. Watoto wa msingi ni saa 10 hadi saa 12 jioni. Wa sekondari ya chini wanabanwa na bukatsu, vilabu vya michezo na muziki baada ya masomo, kisha wengine wanakwenda juku, shule za masomo ya ziada, kwa hiyo kwao ni kuanzia saa 1 usiku au Jumamosi. Wafanyakazi wanaanza saa 1 na nusu usiku, na hao ndio wanaoahirisha zaidi.

Kama ungali mgeni katika kazi hii, tunakushauri uanze na mojawapo kati ya makundi mawili: wastaafu wa mazungumzo, au watoto wa Eiken. Wastaafu wana subira na hawakosi kipindi. Watoto wa Eiken wana tarehe ya mtihani, na mwenye tarehe hulipa bila kusitasita.

Eiken inafaa kuifahamu kwa undani, maana ndiyo inayowafanya wazazi wamtafute mwalimu. Hufanyika mara tatu kwa mwaka, duru ya kwanza ikiangukia karibu na Juni, Oktoba na Januari. Daraja la chini ni la 5, unapanda hadi la 1, na katikati yapo madaraja ya "jun", yaani nusu hatua. Kuanzia daraja la 3 kuna duru ya pili ya mahojiano ana kwa ana, na hapo ndipo mtoto aliyesoma sarufi miaka mitatu anapofunga mdomo. Mahojiano ya daraja la 3 yanakwenda hivi: mtoto anapewa kadi yenye aya fupi na picha, anaisoma kimya sekunde 20, anaisoma kwa sauti, kisha anaulizwa maswali matano, moja la aya, mawili ya picha, mawili yanayomhusu yeye mwenyewe. Tengeneza kadi kumi za namna hiyo kwa mkono wako, na uwe na saa ya kuhesabu sekunde. Mwaka 2024 sehemu ya kuandika nayo ilibadilishwa: daraja la 3 na jun-2 waliongezewa kujibu barua pepe, daraja la 2 kwenda juu waliongezewa kufupisha habari. Kitabu cha mazoezi cha kabla ya hapo hakina maswali hayo, kwa hiyo angalia mwaka wa chapa kabla ya kununua kwenye duka la mitumba.

Hatua ya 3: Jieleze kwa ukweli

Matangazo mengi ya Japani yanadai mwalimu "neitibu", yaani aliyezaliwa na Kiingereza kama lugha yake ya kwanza. Usijiite hivyo kama sivyo. Mwanafunzi akigundua, umempoteza yeye na wote ambao angekuletea. Andika kilicho kweli na chenye nguvu: nchi unayotoka, na kwamba masomo yako ya sekondari na chuo uliyafanya kwa Kiingereza (Eigo de kyoiku o ukemashita). Andika pia lugha unazozungumza. Mtu mzima wa Kijapani aliyehangaika na lugha moja ya kigeni kwa miaka kumi humheshimu sana mwenye lugha tatu.

Unayo pia faida ambayo Mwingereza hana. Kijapani na Kiswahili vyote hupenda silabi ziishie kwa irabu. Sisi tulichukua "club" tukaifanya kilabu, wao wakaifanya kurabu. Kwetu basi, kwao basu. Kwetu benki, kwao banku. Mwanafunzi anayesema "miruku" akitaka "milk" anaongeza irabu kwa sababu ileile inayomfanya mtoto wa Morogoro aseme "miliki". Wewe umewahi kulishinda tatizo hilo kwa kujua, kwa hiyo unaweza kulieleza: kata pumzi, usiache sauti itoroke mwishoni. Kama lugha ya kwenu inachanganya l na r kama wafanyavyo Wajapani, hilo nalo umelipitia. Liandike kwenye tangazo kwa sentensi moja: "Hatsuon o teinei ni oshiemasu", nafundisha matamshi kwa uangalifu.

Hatua ya 4: Tangazo

Karatasi ya A5 inatosha. Kijapani kiwe juu, Kiingereza chini, kwa sababu anayelipa mara nyingi ndiye asiyesoma Kiingereza. Mpe rafiki Mjapani alisome kabla ya kulichapa, kosa moja la adabu linaharibu zaidi kuliko makosa matatu ya sarufi. Weka mambo haya: unamfundisha nani (shoshinsha kangei ni "wanaoanza wanakaribishwa", Eiken taisaku ni "maandalizi ya Eiken"), jina la kituo cha treni, siku na saa ulizo huru, bei ya saa moja, bei ya kipindi cha majaribio (taiken ressun), na picha yako ya uso wenye tabasamu na mavazi nadhifu. Bei isipoandikwa, wengi hawaulizi, wanapita tu. Kwa mawasiliano weka msimbo wa LINE, programu ya ujumbe ya simu, kwani huko ndiko watu wanakozungumza.

Kuhusu mahali pa kuliweka, anza na chama cha urafiki wa kimataifa cha mji wako, kokusai koryu kyokai. Miji mingi inacho, na ubao wake husomwa na watu wanaopenda wageni tayari. Kisha maduka makubwa ya chakula yenye ubao wa wateja, mikahawa midogo, saluni, maduka ya vitabu. Popote omba ruhusa kaunta kwanza, uliza litakaa siku ngapi, na urudi siku hiyo kuliondoa mwenyewe. Kwenye nguzo za umeme ni kosa kisheria. Kwenye masanduku ya barua ya majengo yenye maandishi "chirashi okotowari" usitie karatasi, wakaazi hupiga simu polisi.

Mtandaoni, Jimoty ni soko la matangazo ya mtaani na ina sehemu ya masomo. Zipo pia tovuti zinazounganisha walimu na wanafunzi, nyingine hutoza mwanafunzi ada ya kutambulishwa, nyingine hukata sehemu ya malipo yako. Zitumie kupata watu wawili watatu wa mwanzo.

Jihadhari na ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza ni wa "mzazi" aliyeko nchi nyingine anayesema mwanawe anakuja Japani kwa mwezi mmoja, atakulipa kwa hundi kubwa kuliko ada, na wewe umrudishie ziada. Hundi itakataliwa na benki baada ya wewe kutuma pesa zako. Wa pili ni wa mtu asiyetaja kiwango chake wala lengo lake ila anauliza umri wako na kama una mchumba. Mjibu kwa ratiba na bei tu, kipindi ni mchana, karibu na kituo. Asiye mwanafunzi atanyamaza.

Hatua ya 5: Bei na hesabu

Kwa kipindi cha dakika 60 kwenye mkahawa, walimu wengi wa binafsi hutoza kati ya yen 2,500 na 4,000. Usianze chini ya hapo ukidhani utapandisha baadaye. Kumpandishia mtu bei ni kuzito kuliko kumpata mpya. Kipindi cha majaribio toza yen 1,000 kwa dakika 40. Cha bure kinavuta watu wanaozunguka kwa walimu wote wa mji wakionja.

Tazama kwa nini kituo kimoja ni muhimu. Una wanafunzi watano, kila mmoja yen 3,000, vipindi vinne kwa mwezi: yen 60,000. Wakitawanyika, unasafiri mara 20. Nauli ya kwenda na kurudi yen 400 na kahawa yako yen 450, jumla 850 kila safari, na mwezi umekula 17,000. Unabaki na 43,000. Sasa wapange watatu Jumamosi mfululizo na wawili jioni moja ya katikati ya wiki, kituo kilekile. Safari ni 8, yaani yen 6,800. Ongeza kinywaji cha pili kila Jumamosi, maana haifai kukalia meza saa tatu kwa kikombe kimoja, yen 1,800. Unabaki na 51,400, na jioni tatu za wiki zimerudi kwako.

Mwanafunzi ajilipie kinywaji chake, na hilo lisemwe kabla hamjaketi. Kuhusu mahali, chagua mikahawa ya familia yenye vinywaji vya kujihudumia, nje ya saa za chakula cha mchana. Baadhi ya mikahawa hubandika tangazo la kukataza masomo mezani. Ukiliona, ondoka bila kubishana.

Njia nzuri zaidi kwa wastaafu ni kominkan, jumba la elimu ya jamii la mtaa. Kwa sheria si mahali pa biashara, kwa hiyo wewe ukienda kukodi chumba ili utoze ada utakataliwa. Lakini wanafunzi wenyewe wakiunda kikundi, saakuru, wakakiandikisha na kukodi chumba kwa jina lao, wanaweza kukualika kama mwalimu na kukupa shukrani ya fedha (sharei). Chumba ni rahisi mno, wanachama wanatafutana wenyewe, na kikundi cha watu sita kinaweza kudumu miaka.

Hatua ya 6: Kipindi cha majaribio

Fika dakika 10 mapema, usimame mlangoni ili asikutafute. Dakika 5 za salamu. Dakika 10 zinazofuata mwache aongee, na uandike sentensi zake kama alivyozisema. Usimkate. Kisha dakika 15 fundisha jambo moja tu kutoka kwenye maneno yake mwenyewe. Mfano, Wajapani wengi husema "I went to shopping". Andika "went shopping", halafu "went fishing", "went swimming", umfanye atoe mbili za kwake za wiki iliyopita. Akiondoka na jambo moja aliloliweza, atarudi. Ukimrundikia makosa kumi na mawili, atakushukuru kwa kuinama na hutamwona tena.

Dakika 10 za mwisho mpe karatasi moja: sentensi tatu zilizosahihishwa, bei, siku, na masharti ya kuahirisha. Usimwombe aamue hapo hapo. Akisema "kangaete okimasu", nitafikiria, mara nyingi maana yake ni hapana, na ni hapana ya heshima. Jioni hiyo tuma shukrani fupi kwa LINE pamoja na ile karatasi kwa picha, halafu nyamaza. Asipojibu kwa wiki moja, usimfuate.

Mtoto asifundishwe faraghani. Mzazi awe kwenye meza ya jirani, au mlango wa chumba cha nyumbani kwao uwe wazi naye akiwemo ndani ya nyumba. Usimlete mtoto wa mtu chumbani kwako, hata mzazi akikubali. Ni ulinzi kwa mtoto, na kwako wewe uliye mgeni.

Hatua ya 7: Lipwa kwa mwezi

Anayelipa kwa kipindi huahirisha mvua ikinyesha. Anayelipa mwanzo wa mwezi huja na mwavuli. Mfumo huu Wajapani wanaujua tangu utotoni, kwenye piano na kaligrafia: unaitwa gessha, na maduka ya yen 100 yanauza bahasha zake, zenye visanduku kumi na viwili vya miezi. Mnunulie mwanafunzi moja, uandike jina lake. Kila mwezi anaileta na noti ndani, unaipokea kwa mikono miwili, unagonga muhuri kwenye kisanduku cha mwezi na kumrudishia. Hakuna risiti wala mazungumzo ya pesa mezani.

Weka vipindi vinne kwa mwezi. Mwezi ukiwa na wiki tano, ya tano ni mapumziko. Kuahirisha siku ileile, wenyewe huita dotakyan, kunahesabiwa kuwa kipindi kimefanyika. Taarifa ya saa 24 kabla inampa haki ya siku nyingine ndani ya mwezi huohuo. Masharti haya yaandikwe kwa Kijapani, siku ya kwanza. Ukiyaleta baada ya mtu kukosa, yanaonekana kama kisasi.

Miezi ya kuvuna ni Machi na Aprili, mwaka wa shule unapoanza, na Septemba. Mwanzoni mwa Mei, katikati ya Agosti na mwisho wa Desemba mambo hupoa, watu wako safarini. Usihesabu ada kamili. Kwa wa Eiken, tangaza wiki kumi na mbili kabla ya duru, kwa kuwa kujiandikisha hufungwa mapema.

Mwanafunzi akishakaa miezi mitatu, mwambie wazi kwamba una nafasi moja, utaje siku na saa yake: "Jumamosi saa 5". Mtu akiombwa kukutafutia "wanafunzi" hajui aanzie wapi, ila nafasi moja ya saa fulani anamkumbuka jirani yake papo hapo. Akimleta, mpe asante kwa maneno na zawadi ndogo ya chakula, kahawa ya Kilimanjaro au chai ya Kericho. Punguzo la pesa kwa kuleta mtu linawatia haya wengi.

Hatua ya 8: Kodi, na siku ya kuondoka

Andika kila malipo na kila nauli kwenye daftari, tunza risiti za kahawa na vitabu. Ukiwa na mshahara mahali pengine na faida ya tuisheni kwa mwaka haizidi yen 200,000, kwa kawaida hulazimiki kuwasilisha hesabu za kodi ya mapato ya taifa, lakini kodi ya ukaazi bado unaitolea taarifa ofisi ya mji. Ikizidi, hesabu (kakutei shinkoku) hupelekwa kati ya Februari 16 na Machi 15 kwa mapato ya mwaka uliopita. Daftari hilohilo ndilo utakaloonyesha Uhamiaji wakiuliza.

Ukijua tarehe ya kurudi nyumbani, waambie wanafunzi miezi miwili kabla, na usipokee gessha ya mwezi ambao hutaumaliza. Mtafute mwenzako mwenye ruhusa, mkaribishe kwenye kipindi kimoja na kila mwanafunzi, na umwachie kumbukumbu za kila mmoja: kiwango chake, alipofikia kitabuni, sauti zinazomshinda, na anakunywa nini.